Mjomba ana zahanati Mwanza: nikashone vidonda likizo hii?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma biolojia mwaka wa pili hapa Columbus, Ohio, na nina grini kadi. Nikimaliza digrii nataka kuomba shule ya udaktari, na nimeambiwa wanapenda mtu aliyekwisha kukaa na wagonjwa. Mjomba wangu ana zahanati Mwanza. Anasema niende likizo, atanifundisha kushona vidonda, hata kuzalisha. Huku wenzangu wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee, ila mama hataki kusikia: hakunileta Marekani nibadilishe watu pampasi. Nishike lipi? – E.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwanza nenda, kamsalimie mjomba, lakini sindano usiishike. AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, kina mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda nchi nyingine, na maana yake ni kwamba usimfanyie mgonjwa jambo ambalo huku usingeruhusiwa. Ukiandika kwenye fomu kwamba ulizalisha hata darasa la udaktari hujalikanyaga, kamati itaona mtu aliyejifunzia kwenye mwili wa mama asiyekuwa na namna ya kukataa. Nami naona hivyo hivyo. Kaa pembeni, tazama, mgonjwa akitoka mwulize mjomba kwa nini kaamua vile.

Kazi ya wazee ndiyo ningekusukumia. Mafunzo ya uuguzi msaidizi, yaani CNA (wengi hapo Ohio wameizoea kwa jina la STNA), kwa sheria ya serikali kuu hayapungui saa 75, na angalau 16 ni za vitendo chini ya msimamizi. Kisha unafanya mtihani wa jimbo. Nyumba ya wazee inayopokea malipo ya Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali, ya wazee na ya wenye kipato kidogo) ikikuajiri, hairuhusiwi kukutoza ada ya mafunzo hayo. Andaa mapema kipimo cha TB na karatasi za chanjo. Wenye viza ya mwanafunzi wasiguse kazi ya mshahara nje ya chuo kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mimi niliifanya Minnesota, zamu za usiku, nikiwa chuoni kama wewe. Kila saa mbili unamgeuza asiyeweza kujigeuza, unaweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro, unakagua mfupa wa mkia. Kitabu kilisema tafuta wekundu. Nesi mmoja Mliberia akanionyesha, kwa mzee mweusi kama sisi, kwamba wekundu huo hautauona: pitisha mgongo wa vidole, usikilize joto au ugumu. Kidonda cha kulalia huanzia hapo, ngozi ikiwa bado nzima. Mpaka leo kliniki mkono wangu unatangulia macho.

Fomu ya AMCAS, ile ya kuombea vyuo vingi vya udaktari huku, ina nafasi 15 za shughuli, na 3 unaziteua kuwa za maana zaidi. Usihangaike kuzijaza zote. Kukaa nyumba moja mwaka mzima, hadi wazee wakujue kwa jina, kuna uzito kuliko wiki mbili mbili kila mahali. Kumfuata daktari na kutazama ni jambo jingine; litafutie siku zake.

Halafu una Kiswahili. Familia nyingi kutoka Kongo zinatibiwa huku, na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutumia wakalimani wenye sifa, si mtoto wa mgonjwa. Mafunzo ya ukalimani wa tiba ya saa 40 yatakuweka ndani ya chumba, daktari akieleza na mgonjwa akiuliza.

Mama usibishane naye. Ameona vijana walioingia kwa zamu moja, bili zikawavuta kwenye zamu mbili, shule ikafa. Hofu yake ni ya haki. Mwahidi kitu atakachoweza kukukagua nacho: zamu moja kila wikiendi, na maksi za kemia zikishuka unasimamisha, maana maksi mbovu hazifidiwi na saa za wodini. Na siku ukipata cheti, kimpelekee yeye kwanza.