Jibu: Mzee Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa Rais wa Kongo, aliuawa katika jumba la Palais de la Nation?

Hapana ndugu yangu. Hapa Lubumbashi wengi wanachanganya, kwa sababu kaburi la Mzee liko mbele ya Palais de la Nation, mtaa wa Gombe, Kinshasa. Yeye alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001 katika jumba lingine, Palais de Marbre, kule mtaa wa Ngaliema, Kinshasa hiyohiyo.

Palais de la Nation Wabelgiji waliimaliza 1956, iwe makao ya gavana mkuu wao. Miaka 4 tu, mambo yakageuka! Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, humo ndani, mfalme wao Baudouin akausifu ukoloni, Rais Kasa-Vubu akahutubia, kisha Waziri Mkuu Lumumba, ambaye hakuwemo kwenye ratiba, akasimama na kutaja matusi na mapigo tuliyovumilia, mfalme akisikia kwa masikio yake. Watoto wetu wafundishwe hilo kwanza. Leo jumba hilo ni ofisi ya Rais.