Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha sayansi

Swali: Ninafundisha Gredi ya 4 huku Kayole, Nairobi. Wanafunzi wangu huongea Kiingereza bila shida wakiomba ruhusa au wakichongeana, lakini nikiandika swali la sayansi ubaoni, kimya. Mwalimu mkuu hataki tusikike tukitumia Kiswahili kipindi hicho. Nadharia za ujifunzaji tulizosoma chuoni zinasemaje?

Jibu: Mwalimu, Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili wa Kanada, alilieleza jambo hili mwaka 1979, alipotenganisha lugha ya maongezi ya kila siku na lugha ya masomo. Utafiti wake kuhusu watoto wa wahamiaji ulionyesha kuwa ya kwanza hupatikana kwa takriban miaka 2, na ya pili kwa miaka 5 hadi 7. Sasa tazama sera yetu: lugha ya eneo la shule hadi Gredi ya 3, halafu Kiingereza. Wanafunzi wako wanabadilishiwa lugha mwaka uleule masomo yanapokaza.

Cummins aliongeza hoja ambayo ningempelekea mwalimu mkuu: dhana ikishaeleweka kwa lugha moja, haijifunzwi upya kwa nyingine. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini nguo za kwenye kamba hukauka hata siku ya mawingu amebakiza msamiati na sentensi tu. Asiyeweza atakariri istilahi ya Kiingereza, aiandike bila kosa, nawe umpe alama zote.

Darasani ningemfuata Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyeona kwamba mtoto hufika mbali zaidi akisaidiwa kuliko akiwa peke yake, na kwamba fikra hujengwa katika mazungumzo. Mwanzo wa kipindi waache wabishane kwa vikundi kwa lugha wanayoimudu, hata Sheng, lugha ya mitaani. (Kiswahili sanifu nacho ni lugha ya shule kwa mtoto wa Kayole, tusijidanganye.) Kisha andika ubaoni vianzio vya sentensi za Kiingereza, vya kutoa sababu na vya kulinganisha, wavikamilishe. Wiki zikisonga, vipunguze. Hapo ndipo wengi wetu hukwama: msaada usioondolewa hugeuka mkongojo.

Ila usitafsiri sentensi baada ya sentensi. Watasubiri Kiswahili na kukiacha Kiingereza kipite.

Kama shuleni kwenu bado kuna kibao cha kumvisha mtoto aliyeteleza akaongea lugha iliyokatazwa, hata Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye nadharia yake ilijengwa juu ya tuzo na adhabu, hakuitegemea adhabu. Alishikilia kuwa huzima tendo kwa muda bila kufundisha la kuchukua nafasi yake. Mtoto huona usalama uko katika kufunga mdomo.

Omba ruhusa ya mada moja tu. Ifundishe hivi, kisha uwape swali la kueleza sababu, si la kutoa maana, wajibu kwa Kiingereza. Mpelekee mwalimu mkuu madaftari hayo pamoja na ya mada iliyotangulia.