Uliza ni haja gani

Jumamosi kliniki hujaa: chanjo za kichaa cha mbwa, kupe, mbuzi wa jirani. Jumamosi ninayoisimulia aliletwa mbwa aliyekanyaga chupa. Damu sakafuni, mbwa analia, mwenyewe anapiga kelele kumzidi mbwa. Kwenye benchi alikaa mama mmoja na kikapu cha sokoni, ndani yake paka dume, kimya. Pale mapokezi mama huyo alikuwa amesema, "Anashindwa kwenda haja tangu jana." Binti wetu wa mapokezi akaandika "choo kigumu." Nilisoma, nikaendelea na mbwa.

Kumbe ilikuwa haja ndogo.

Paka dume akizibwa njia ya mkojo, kibofu hujaa kikawa kigumu kama chungwa bichi. Potasiamu ambayo ingetoka na mkojo hubaki kwenye damu, na hiyo ndiyo inayosimamisha moyo. Nilipomtoa kikapuni mapigo yalikuwa chini ya 100 kwa dakika. Paka mwenye hofu, mbele ya daktari, moyo wake hukimbilia 200. Dripu, kalisiamu, mpira wa mkojo. Alikufa kabla njia haijafunguka. Mbwa nilimshona nyuzi nne. Angefungwa kitambaa tu angeweza kusubiri hadi mchana.

Sikumlaumu binti. Sikuwa nimemfundisha, na anayepanga foleni ni yeye, si mimi niliye ndani na glovu. Sasa anauliza kila mtu: anapumuaje, anasimama, amekula nini, anakojoa? Kwa paka dume anaongeza: "Umeuona mkojo wenyewe?" Maana mwenye paka humwona amechuchumaa mchangani akadhani mambo yanakwenda.

Kisha anainua mdomo na kutazama ufizi. Wa waridi, sawa. Mweupe, huenda damu inavuja mahali, hata kama huioni. Wa bluu, hewa haimtoshi. Bonyeza kwa kidole, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi, kwa hiyo mfunue kope la chini la jicho, utaona humo. (Mbwa mkali mwache mwenyewe amshike. Vidole ni vyako.)

Wapo wasiokaa benchi kabisa. Paka anayehema mdomo wazi. Mbwa mkubwa aliyevimba tumbo, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu. Mbwa anayetiririka mate huku misuli ikicheza. Huyo mara nyingi kala nyama iliyotiwa dawa ya wadudu, na dakika zake ni chache. Anayechechemea au kujikuna atasubiri.

Kazi ngumu ni watu. Mzee aliyefika saa mbili asubuhi hapendi kuona kijana wa saa nne akipitishwa. Nimejifunza kusema kwa sauti, wote wasikie: "Mzee, samahani, wa kwako anapumua vizuri, wa huyu hapumui." Wengi husogea wenyewe wakampisha. Ukinyamaza, watadhani umepewa kitu kidogo.

Yule mama alirudi miezi kadhaa baadaye na paka mwingine, mdogo. Hata salamu hazijaisha, akamwambia binti wa mapokezi: "Haja ndogo anapata, kubwa anapata. Nimemleta kwa chanjo."