Diwani wa zamani anaweza kuongoza mpira?

SWALI: Nilikuwa diwani Kongwa kwa miaka 10. Sasa vijana wa hapa wanataka nigombee uenyekiti wa DOREFA, chama cha soka cha Mkoa wa Dodoma. Wengine wananiambia FIFA haitaki wanasiasa. Ni kweli? Nianzie wapi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Si kweli. Wanachanganya mambo mawili. FIFA inakataza serikali kuingilia chama cha soka: Kenya ilifungiwa Februari 2022 baada ya waziri kuvunja uongozi wa FKF, shirikisho la soka la nchi hiyo, na kuweka kamati yake, ikafunguliwa Novemba mwaka huohuo. Mwanasiasa kuongoza mpira ni habari nyingine. Ismail Aden Rage aliongoza Simba huku akiwa mbunge wa Tabora Mjini. Ila angalia mpangilio wake: kabla ya ubunge alishakuwa kiongozi wa FAT, chama cha soka cha taifa ambacho leo ni TFF. Mpira ulitangulia.

Wewe umeanzia upande wa pili, na hapo ndipo kura zitakapokusumbua. Udiwani ulipigiwa na kata nzima. Mwenyekiti wa mkoa anachaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu, wanaotoka vyama vya wilaya na vyama shiriki kama vya waamuzi na makocha. Hao vijana wako hawaingii ukumbini.

Kwa hiyo anzia klabu, na ukipewa nafasi chukua ukatibu. Mwenyekiti hukata utepe. Katibu ndiye anayehangaika na fomu za usajili, barua za wilayani, na posho ya waamuzi. Hiyo posho usiidharau. Refa asipolipwa mechi mbili, ya tatu haji, na ligi ya wilaya hufia hapo. Ukijua kuizuia isife, wajumbe wa Mpwapwa na Chemba watakusikia bila wewe kupiga honi.

Muda wa uchaguzi ukifika, soma kanuni kabla ya kuchukua fomu: sifa za elimu na uzoefu zimeandikwa humo. Wengi hukwama kwenye vyeti. Jina la cheti likitofautiana na la fomu, hata herufi moja, tafuta hati ya kiapo mapema, maana mwenye pingamizi ataanza na hilo. Usifanye kampeni kabla kipenga hakijapulizwa. Mikutano ya hadhara uliyoizoea itakuponza. Na ukienguliwa, kata rufaa kwenye kamati ya rufaa ya uchaguzi ndani ya siku zilizotajwa. Usikimbilie mahakama ya kawaida, kwani kesi za mpira zinamalizwa ndani ya mpira.