"Withdraw" kwa Kiswahili ni neno gani hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina stationery Mbagala, watu wananiletea na kazi za kutafsiri. Juzi mteja anayeuza dawa za mifugo kanipa kipeperushi cha antibayotiki ya kuku, kuna sehemu imeandikwa "Withdrawal period: eggs 7 days". Mimi withdraw najua ni kutoa, kama unavyotoa hela kwa wakala, nikaandika "Kipindi cha kutoa dawa: mayai siku 7". Mteja kanirudishia, anasema daktari wa mifugo kaikataa. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu inaniletea "kipindi cha uondoaji". Sasa neno lenyewe hasa ni lipi?

JIBU: Marahaba. Huyo daktari kafanya la maana sana, maana ulichoandika kimegeuka kabisa. Kwetu kutoa dawa ni kumpa mgonjwa dawa, nesi anatoa dawa, kwahiyo mfugaji wa Chanika akisoma hapo ataelewa kuku wapewe dawa siku saba, na mayai ataendelea kuokota na kupeleka dukani kama kawaida. Wakati kipeperushi kinamwambia asiuze! Dawa ikiisha kutolewa bado inabaki mwilini mwa kuku na inaingia kwenye yai, anayekula yai anakula na masalia ya antibayotiki, na hayo ndo mambo yanayochangia vimelea kuwa sugu mpaka dawa zigome kwa binadamu. Andika hivi: "Mayai yasiliwe wala yasiuzwe wakati kuku wanapewa dawa, na kwa siku 7 baada ya dozi ya mwisho." Ni ndefu, najua, mteja akisema nafasi haitoshi apunguze picha.

Hiyo "kipindi cha uondoaji" ya kwenye simu nayo iache. Uondoaji wa nini, nani anaondoa? Mfugaji ataangalia hayo maneno, atayaruka, basi.

Sasa hilo la "neno lenyewe hasa", hapo ndo panaponiudhi na naulizwa kila siku. Nani aliwaambia kila neno la Kiingereza lina pacha wake mmoja wa Kiswahili? Ni hizi PDF zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, maneno elfu kadhaa, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili, withdraw = toa, mtu analipa buku tano anajiona mtafsiri. Withdraw ndani yake kuna kuvuta kurudi nyuma tu, nani anavuta na anavuta nini Mwingereza anakuachia ujue mwenyewe kwa mazingira. Kiswahili hakikuachii hivyo, lazima useme. Hela unatoa, mgombea anajitoa, majeshi yanaondolewa, bungeni mheshimiwa anaambiwa afute kauli. Kijana wa maskani akikosa unga, yaani heroini, anashikwa na arosto, na arosto ndo withdrawal hiyohiyo wanayoitibu kliniki ya methadone pale Muhimbili tangu 2011. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akaanza kujitenga, ripoti ya shule itasema withdrawn. Uzazi wa mpango pia imo, watu wazima mnaijua.

Mahakamani ndo pabaya zaidi. Mtu kafunguliwa shauri la madai la kiwanja, mdai analiondoa, amri inasema "withdrawn with leave to refile", fundi wetu wa stationery anaandika "kesi imefutwa" anagonga muhuri anachukua hela yake. Mwenye kiwanja anarudi nyumbani anajua yameisha, kumbe shauri limeondolewa kwa ruhusa ya kulifungua tena na linaweza kurudi. Na bila hiyo ruhusa mdai hawezi kufungua tena shauri lilelile dhidi ya mtu yuleyule, kwahiyo hayo maneno manne ya mwisho ndo yanayobeba kila kitu na ndo mtu anayaruka.

Na kuna fomu za ridhaa za utafiti wa afya, hizi nazisahihisha sana. Kiingereza kinasema mshiriki anaweza ku-withdraw muda wowote bila kupoteza huduma yake. Nimekuta imeandikwa "mshiriki anaweza kutolewa muda wowote". Kutolewa! Haki ya mama wa watu ya kusema sitaki tena imegeuka kuwa mamlaka ya mtafiti kumfukuza, na mama anaweka dole gumba hapo chini kwa sababu amesomewa hivyo na hana namna ya kujua Kiingereza kilisemaje. Ilitakiwa "kujitoa", tofauti ni silabi chache tu, na hakuna programu ya simu inayobeba lawama mama akija kuuliza.

Kazi ya dawa, ya mahakama au ya hospitali ukipokea, kabla hujaandika mpigie mteja umuulize nani anafanya nini kwa nani. Akikwambia wewe tafsiri tu elfu mbili kwa ukurasa usiulize maswali, mrudishie karatasi zake.