Sweta lingoje Juni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mambo yakigongana na fedha ni kidogo, unaanza na lipi? Mimi naanza na lile ambalo nikichelewa linazidi kuwa ghali.

Nauza mboga soko la Majengo hapa Dodoma, na nina ekari mbili za uwele kijijini, wilaya ya Chamwino. Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, basi mambo yote yanalundikana hapo. Januari iliyopita nilikuwa na shilingi 180,000. Binti yangu anaingia kidato cha kwanza. Ada hakuna, lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mzazi. Uwele umefika magotini, magugu yanalingana nao. Mara mama akapiga simu: nyumba yake ya tembe inavuja.

Tembe hiyo ndiyo iliyonifundisha. Paa lake ni udongo uliotandazwa juu ya miti, na udongo huongezwa kiangazi. Oktoba ningehitaji siku mbili na chakula cha vijana wanne tu. Nikaahirisha, nikisema mvua bado. Januari paa limelowa, ukikanyaga mguu unazama, mti wa kati umeshapinda. Haikuwezekana kuongeza hata karai moja la udongo. Nilinunua turubai kwa shilingi 45,000, na mama akalala jikoni, kando ya mafiga. Mpaka leo linaniuma.

Vibarua wa palizi niliwalipa wiki hiyohiyo, 80,000. Februari mvua hupenda kukatika, na magugu yakiachwa yanamaliza unyevu ambao uwele ungeutegemea siku hizo za jua. Iliyobaki ikaenda kwa binti, isipokuwa sweta. Lilikuwa kwenye orodha ya shule, nikamfuata mwalimu wa darasa: "Mwalimu, naomba unisubiri nivune. Baridi ya Dodoma ni Juni, na sasa watoto wanatoka jasho." Akakubali. Wazazi wenzangu wengi wanaona aibu kuomba muda, wanakopa kwa riba kununua kitu ambacho kingesubiri.

Mwaka huu nilifunga meza yangu sokoni siku mbili za Septemba, mauzo nikayasamehe. Vijana wakapandisha udongo karai kwa karai, mama akawapikia ugali na mlenda, kitanda chake kikarudi chumbani.