Speedmaster ya zamani: mshale haurudi 12

Mkuu, usiikatae hiyo Speedmaster (saa ya mkono ya Omega yenye stopwatch) uliyoonyeshwa hapo Arusha eti kwa sababu mshale mrefu wa stopwatch haurudi 12. Anzisha stopwatch kwa kitufe cha juu, isimamishe, kisha bonyeza kitufe cha chini, rudia mara kumi. Ukiishia sehemu ileile kila mara, umepachikwa vibaya tu. Fundi saa anauchomoa na kuurudisha. Ukiishia huku mara kule, umelegea au nyundo ya kurudishia (kijichuma cha ndani kinachourudisha 12) imelika, hapo kata bei bila huruma.

Lakini mfuniko wa nyuma ufunguliwe mbele yako, uone mashine iliyomo. Mashine ya 321 ina gurudumu lenye nguzo ndogo zilizosimama. Mashine ya 861, iliyoingia 1968, inatumia kamu bapa, yaani kipande cha chuma kisicho na nguzo. Muuzaji akidai ni 321 na nguzo huzioni, ondoka. Na uso wa saa usipakwe rangi upya, hata kama una madoa.